Kompyuta Imechoka: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Kompyuta mpakato yenye miaka saba ikianza kuchukua dakika sita kuwaka, feni ikavuma muda wote na betri ikakata kabla kikao hakijaisha, mwenyewe hubaki na swali moja: nitengeneze au ninunue nyingine? Mara nyingi hulipeleka kwa mtu ambaye jibu lake linajulikana kabla hajafungua mdomo. Fundi anaishi kwa kutengeneza, muuzaji anaishi kwa kuuza, na ndugu au mfanyakazi mwenzake huangalia umri tu na kusema, "Hiyo imezeeka, achana nayo." Umri ni kipimo kinachoeleweka haraka, lakini ni kipimo kibovu. Kompyuta haizeeki yote kwa wakati mmoja. Huzeeka kipande kimoja kimoja, kila kimoja kwa mwendo wake, na vipande vinavyochoka mapema ndivyo vilivyo rahisi kubadilishwa. Kwa hiyo mtu anayetaka kuamua kwa haki ajue kwanza ni kipande kipi kimechoka, kisha alinganishe gharama ya kukibadilisha na kitu ambacho fedha hiyo ingenunua kweli sokoni. Kwa wanunuzi wengi wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Kampala, kitu hicho ni kompyuta nyingine ya mtumba, nayo imeshatumika miaka mitano au sita kwingine. Swali likiwekwa namna hiyo, kutengeneza hushinda mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na pale kunaposhindwa, sababu zake huonekana waziwazi.

Tuanze na lalamiko la kawaida kuliko yote, kompyuta kuwa nzito. Watu husema prosesa imechoka. Prosesa haichoki hivyo. Chipu iliyotoka kiwandani mwaka 2016, kama haikuunguzwa na joto, leo inapiga hesabu kwa kasi ileile ya siku ya kwanza. Kinachochelewesha kompyuta nyingi za miaka hiyo ni hadidiski ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaohama huku na huku juu yake kutafuta data. Kila unapohama hupita milisekunde 10 hivi au zaidi. Ni muda mdogo sana kuutaja, lakini Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na milisekunde hizo hujumlishwa hadi zikawa dakika. Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Hulifikia faili kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndiyo maana kompyuta ileile, yenye prosesa ileile, ikiwekewa SSD huwaka kwa chini ya dakika moja, na mwenyewe akadhani amebadilishiwa mashine. Kikwazo cha pili ni ramu. GB 4 zilizotosha mwaka 2014 hazitoshi leo, kwa kuwa kivinjari peke yake, kikifunguliwa kurasa kumi, kinaweza kuzimaliza. Ramu ikijaa, kompyuta huanza kuitumia diski kama ghala la dharura, na kama diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, mateso huwa maradufu. Kuweka SSD na kupandisha ramu hadi GB 8 ni kazi ya saa chache kwa fundi mzoefu, na hapo ndipo mashine nyingi zinazoitwa mbovu hupona.

Betri nayo ni kifaa cha kuisha, kama tairi la gari. Nyingi za lithiamu huhimili kati ya mizunguko 300 na 500 ya chaji kamili kabla uwezo wake haujashuka hadi karibu asilimia 80, ingawa wapo watengenezaji, Apple wakiwamo, wanaotaja mizunguko 1,000 kwa mashine zao. Joto huharakisha uchakavu huo: kompyuta inayoachwa kwenye chaji kutwa nzima katika chumba cha Tanga au Mombasa mwezi wa Februari hupoteza uwezo hata kama haifanyi kazi. Hapa hakuna haja ya kukisia. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayoonyesha uwezo ambao betri ilitengenezwa nao na ule uliobaki. Feni inayovuma mara nyingi inasema mambo mawili tu, kwamba vumbi limejaa na grisi ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, kwa hiyo usafi na grisi mpya pekee huweza kurudisha kasi ambayo mtu alikuwa tayari kuinunua kwa laki kadhaa. Kibodi, kioo, bawaba, feni na tundu la chaji vyote hubadilishwa. Lenye hatari ni betri iliyovimba. Ikiinua kibodi au kuzuia mfuniko usifunge, mashine izimwe na betri itolewe siku hiyohiyo, bila kutobolewa wala kutupwa kwenye taka za nyumbani.

Mpaka wa matengenezo ni bodi kuu. Hata hapo, hitilafu si hukumu ya kifo moja kwa moja. Kapasita iliyopiga shoti, au chipu ya kuchaji iliyoungua kwa sababu ya umeme kupanda na kushuka, hubadilishwa na fundi mwenye hadubini na mkono uliotulia, na mashine ikaendelea kwa miaka. Lakini bodi iliyomwagikiwa chai ya maziwa na kukaa wiki nzima kabla ya kufunguliwa, au iliyoliwa na hewa ya chumvi, hutengenezwa leo mahali pamoja na mwezi ujao ikafa mahali pengine, kwa sababu kutu haikusimama. Kadhalika chipu ya picha inayopashwa moto kwa hewa ya moto ili iamke: huamka, mara nyingi kwa wiki au miezi michache. Fundi anayetoza bei ya tiba kwa kazi hiyo anamuuzia mteja muda mfupi kwa bei ya muda mrefu, na mteja ana haki ya kuelezwa hivyo kabla hajalipa.

Kuna pia kompyuta ambazo kiwanda kiliziwekea ukomo mapema. Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina nafasi mbili za ramu na betri mbili, moja ikichomolewa kwa nje bila bisibisi. T490 iliyoifuata mwaka 2019 ina ramu iliyochomelewa pamoja na nafasi moja tu ya kuongeza, na betri ya nje haipo tena. MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1 ni mashine nzuri sana kwa kasi na kwa kutunza chaji, lakini ramu na hifadhi yake vyote vimechomelewa. Iliyonunuliwa na GB 8 itabaki na GB 8 hadi mwisho wake, na hifadhi ikifa, bodi imekufa nayo. Kwa mtazamo wa matengenezo, basi, iliyo kubwa kwa umri ndiyo yenye nafasi zaidi ya kuendelea. Anayeuliza mwaka wa kutengenezwa bila kuuliza kama ramu na diski vinachomoka ameuliza nusu ya swali, tena nusu isiyo na uzito.

Sasa hesabu. Kanuni inayorudiwa sana husema kwamba matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya kompyuta, nunua nyingine. Kanuni hiyo inakosea mahali pawili. Kwanza, thamani inayozungumziwa ni bei ambayo soko lingekupa ukiuza, na soko huikata bei hiyo kwa sababu mnunuzi haijui mashine yako. Wewe unaijua: haijawahi kumwagikiwa maji, bawaba zake ni nzima, programu zako zimo na zinafanya kazi. Pili, kanuni haiulizi matengenezo yatakupa muda gani. Tuchukue mfano, tarakimu zake zikiwa za kufanyia hesabu tu. SSD, ramu na usafi vinagharimu shilingi 150,000. Kompyuta ya mtumba iliyo bora kuliko yako kidogo inauzwa shilingi 600,000, na unatarajia ikutumikie miaka mitatu. Ile ya zamani ukiiuza mbovu utapata 100,000. Kununua, basi, kunakugharimu 500,000 kwa miezi 36, yaani kama shilingi 13,900 kwa mwezi. Matengenezo ya 150,000 yanahitaji kukupa miezi 11 tu ili yalingane na ununuzi huo. Ikidumu miaka miwili, umeshinda kwa mbali. Kwa kanuni ya nusu, kompyuta ambayo soko lingeipa laki mbili na nusu ikiwa nzima isingetengenezwa, kwa kuwa 150,000 ni zaidi ya nusu yake, wakati hesabu ya miezi inaonyesha kwamba kuitupa ni hasara. Uzito wa swali, kwa hiyo, unahamia kwenye jambo moja: je, kuna sababu ya kuamini kwamba mashine itafikisha miezi hiyo 11? Kama kilichokufa ni hadidiski na bodi ni nzima, sababu ipo. Kama bodi imeliwa na kutu, haipo, hata matengenezo yakiwa ya 60,000.

Hoja ya kwanza ya kupinga ni ya watu walioumia: ukitengeneza diski leo, mwezi ujao ni kioo, baadaye chaji, na mwisho umelipa bei ya kompyuta mpya kwa mashine kuukuu. Hilo hutokea, na hutokea zaidi kwa mtu anayeendelea kulipa kwa sababu ameshalipa. Fedha iliyokwenda kwa fundi mwezi uliopita haipaswi kuingia kwenye hesabu ya leo; kila tengenezo lipimwe peke yake, kwa miezi litakayoiongeza kuanzia sasa. Isitoshe, hitilafu zinazofuatana zina maana tofauti kulingana na chanzo chake. Diski iliyochoka kwa saa nyingi za kazi na kioo kilichopasuka kwa kukaliwa hazina undugu. Lakini tundu la chaji likiungua, kisha chipu ya kuchaji, kisha betri mpya ikafa, hizo ni dalili za chanzo kimoja kwenye saketi ya umeme, na kuendelea kubadilisha spea bila kukitafuta chanzo hicho ni kupoteza fedha. Mteja ana haki ya kumtaka fundi aeleze chanzo kwa maneno ya kawaida. Asiyeweza kukieleza bado hajakipata.

Hoja ya pili inahusu spea bandia na mafundi wasio waaminifu, na ina nguvu zaidi ya ile ya kwanza. Betri yenye maandishi ya uwezo usiokuwamo ndani yake, chaji isiyo na kinga, diski iliyotumika ikafutwa na kuuzwa kama mpya: anayenunua bila kupima anaweza kuuziwa vyote hivyo. Hata hivyo hoja hii haimsaidii anayesema nunua nyingine, kwa sababu kompyuta ya mtumba inaweza kuwekewa spea zilezile za soko lilelile, na mnunuzi haelezwi. Hatari haikwepeki kwa kubadilisha duka. Hupunguzwa kwa kupima. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski imeshafanya kazi na afya yake, na diski "mpya" yenye saa elfu kumi imejieleza yenyewe. Ripoti ya betri niliyoitaja hufanya kazi hiyohiyo. Vipimo hivyo viwili vifanywe dukani, kabla ya fedha kutoka mfukoni, iwe unanunua spea au kompyuta nzima. Naongeza jambo moja linalosahauliwa: spea halisi iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa, kama kioo au kibodi, mara nyingi ni bora kuliko mpya isiyo na jina, na fundi anayekuambia wazi kwamba ametoa kwenye mashine nyingine hakudanganyi.

Hoja nzito kuliko zote ni ya usalama. Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikaacha nyongeza ya mwaka mmoja ya masahihisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha. Windows 11 nayo ina masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, ramu isiyopungua GB 4, hifadhi ya GB 64, na prosesa iliyo kwenye orodha yake, ambayo kwa Intel, isipokuwa chache, huanza na kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017. Kompyuta yenye kizazi cha sita au cha saba, hata ikiwa nzima kabisa na ina GB 16 za ramu, iko nje ya mlango. Hapa SSD haitibu kitu. Kuna njia za kuvuka masharti hayo, na mafundi wengi wanazijua, lakini Microsoft haitoi ahadi ya masahihisho kwa mashine iliyoingizwa kwa njia hiyo, na mteja anapaswa kuambiwa hivyo. Je, basi itupwe? Inategemea kazi. Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwalimu anayeandaa mitihani, au familia inayotumia intaneti, mfumo endeshi wa Linux Mint au Ubuntu hupatikana bure, hupokea masahihisho ya usalama na huenda vizuri kwenye mashine za umri huo. LibreOffice hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kuhama kidogo na ni vyema kuukagua kabla ya kuchapa. Kwa mhasibu ambaye programu yake inaendeshwa na Windows pekee, au ofisi inayotunza taarifa za wagonjwa na wateja, jibu ni jingine. Huyo abadilishe mashine, na asiahirishe, kwa sababu anayeweza kuumia ni mtu wa tatu ambaye hakushirikishwa kwenye uamuzi.

Hoja ya umeme husikika sana, na haina uzito mkubwa. Tuseme kompyuta mpya inatumia wati 15 pungufu ya ile ya zamani. Kwa saa sita kwa siku, siku 300 kwa mwaka, akiba ni yuniti 27. Mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, anayelipa takriban shilingi 356 kwa yuniti ataokoa pungufu ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Ni fedha, lakini hailipi kompyuta. Upande wa mazingira mizani inalalia kwenye matengenezo, kwani sehemu kubwa ya hewa ukaa ya kompyuta mpakato hutoka wakati wa kuitengeneza kiwandani, si wakati wa kuitumia mezani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inakadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia moja. Kompyuta inayotupwa Kariakoo ina uwezekano mkubwa wa kuishia dampo, au kwenye moto wa kuchomea nyaya ili itolewe shaba.

Ni lini basi kununua ni sahihi? Pale bodi inapokuwa na maradhi yasiyosimama. Pale ramu ilipochomelewa kwa GB 4 na hakuna nafasi ya kuongeza. Pale kazi yenyewe ilipokua: anayeanza kuhariri video au kuchora majengo kwa pande tatu anahitaji prosesa na chipu ya picha ya aina nyingine, na hakuna spea itakayomfikisha huko. Na pale muda wa kusimama unapokuwa ghali kuliko kifaa. Mwenye steshenari ya kuchapa na kutoa kopi, ambaye siku tatu bila kompyuta ni siku tatu bila mapato, anafanya busara kununua nyingine na kuitengeneza ya zamani polepole iwe ya akiba. Huyo hajavunja hoja yangu. Amejumlisha gharama yake halisi, na jibu limegeuka. Soko lenyewe nalo linageuka. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye mashine za akili mnemba. Ramu ya kuongeza imekuwa ghali, lakini kompyuta mpya imebeba ongezeko hilohilo ndani ya bei yake. Mwenye GB 8 zilizo nzima asikubali kuziacha kirahisi.

Uamuzi huu, kwa kweli, huanza siku ya kununua. Kanuni mpya ya betri ya Umoja wa Ulaya inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubeba ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Baadhi ya mashine zitakazouzwa Ulaya chini ya kanuni hiyo zitafika kwetu miaka michache baadaye zikiwa mtumba, na zitakuwa rahisi kwa mafundi wetu. Hatuna sababu ya kungoja hadi hapo. Shule, halmashauri na ofisi zinazoagiza kompyuta kwa mamia ziandike kwenye zabuni zao kwamba ramu na diski vichomoke, na kwamba spea zipatikane kwa miaka mitano. Mnunuzi wa mashine moja amwombe muuzaji afungue mfuniko wa chini, ahesabu nafasi za ramu kwa macho yake, kisha awashe na kuangalia ripoti ya betri na saa za diski. Na wewe ambaye kompyuta yako imeanza kulalamika leo, kabla hujaipeleka kwa fundi wala kwa muuzaji, nunua diski ya nje na unakili mafaili yako yote usiku huu.